Kidonge cha Kufichwa: Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kwa desturi kazi ya karani ni kusoma hesabu na kuketi. Hesabu mmekwisha kuzisikia: michango iliyoingia, maiti waliosafirishwa nyumbani, wagonjwa waliosaidiwa, na karo zilizolipwa. Lakini katika daftari la karo mna mstari mmoja uliokatwa kwa wino mwekundu, na mstari huo ndio uliotufanya tuombe ruhusa ya kusema. Neno lenyewe ni zito, nasi tu wadogo kwa umri mbele ya wengi wenu. Kwa hiyo twaomba radhi mapema. Hatukuja kuwafundisha wazazi kazi yao. Tumekuja kukiri kosa letu na kuleta shauri.

Mwaka juzi chama kilikuwa kikimlipia karo binti mmoja wa kidato cha tatu, mwenye umri wa miaka 18. Jina lake hatulitaji, wala haifai mtu yeyote kulitaja hapa. Binti huyo alipata mimba. Kanuni ya mfuko wetu wa karo yasema kwamba msichana apataye mimba ataondolewa katika orodha. Kamati ilikaa, shauri likaisha kwa dakika kumi, tukaamriwa kuandika barua, nasi tukaiandika kwa mkono wetu. Tulichagua maneno ya adabu. Tuliandika kwamba twasikitika. Siku hiyo hiyo, tulipokuwa tukilifunga daftari, macho yetu yaliangukia mistari minne chini ya jina lile. Palikuwa na jina la kijana mwenye miaka 20, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ambaye kila mtu alijua kuwa ndiye baba wa mtoto. Kanuni haikuwa na neno juu yake. Karo yake tuliilipa Ijumaa iliyofuata, na stakabadhi imo katika faili.

Tulinyamaza. Baadaye mama mmoja wa Kamati alikwenda kumtazama binti yule na kumpelekea nguo za mtoto, akarudi na habari ambayo hatukuitazamia. Alituambia kwamba binti hakuwa mzembe kama tulivyodhani. Alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia mimba. Alivinunua katika duka la dawa, akapewa pakiti bila maneno. Nyumbani kwao ni chumba kimoja, na humo hulala mama, binti na wadogo zake wawili. Pakiti aliitia ndani ya soksi, na soksi ndani ya sanduku lake la bati la shule, akawa akimeza kidonge siku ambazo chumba kilikuwa kitupu. Siku nyingine hakikuwa kitupu. Alipopata nafasi alimeza vitatu kwa pamoja ili kulipa deni, akatapika. Shule zilipofungwa akapelekwa kwa nyanya yake bara, na sanduku likabaki hapa Mombasa.

Mabibi na mabwana, tangu siku ile tumesoma, tumeuliza wauguzi katika zahanati, na tumefikiri. Twataka kuwaeleza kwa maneno mepesi jambo tulilolielewa, kwa kuwa yamkini katika ukumbi huu wamo wazazi wengi ambao mabinti zao wana sanduku la namna ile, na wazazi hawajui.

Kwanza, kidonge hiki ni kitu gani? Mwili wa mwanamke huongozwa na vichocheo viendavyo katika damu, na kwa amri yao yai moja hukomaa na kutoka takriban kila mwezi. Mwanamke akiwa na mimba, vichocheo hivyo huuzuia mwili usitoe yai jingine. Kidonge hubeba vichocheo vya namna hiyo vilivyotengenezwa na wataalamu, na kwa hivyo yai halitoki. Tena huufanya ute wa mlango wa tumbo la uzazi uwe mzito, mbegu ya mwanamume isipite kwa urahisi. Pakiti nyingi zina vidonge 28: 21 vyenye dawa, na 7 visivyo na dawa hiyo, ambavyo aghalabu hutiwa madini ya chuma, na siku za kuvimeza hivyo damu ya mwezi huja. Ipo pia namna nyingine yenye kichocheo kimoja tu, ifaayo hata kwa mama anyonyeshaye. Kidonge hakiharibu mimba iliyokwisha kuingia. Kazi yake ni kuzuia isiingie.

Dawa hii si ya jana. Mnamo 1951 wataalamu huko Mexico waliweza kutengeneza kichocheo cha kumeza kutokana na kiazi mwitu cha nchi ile. Katika 1956 Gregory Pincus na daktari John Rock, wote wa Marekani, walianza kukijaribu kidonge kwa wanawake wengi katika kisiwa cha Puerto Rico. Yatupasa kusema kweli kwamba wanawake wale hawakuelezwa kama ilivyostahili, na malalamiko yao ya kichefuchefu na kizunguzungu hayakutiliwa maanani. Mwaka wa 1960 Serikali ya Marekani ilikiruhusu kidonge kitumiwe kuzuia mimba. Kidonge cha siku zile kilikuwa kikali: kichocheo chake kimoja kilikuwa miligramu 0.15, hali vingi vya leo vina 0.03 ya kichocheo cha jamii hiyo au pungufu. Kwetu Kenya, Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, ikawa ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini ya Sahara. Kwa hiyo wamo humu akina nyanya waliovijua vidonge hivi kabla sisi hatujazaliwa, ijapokuwa hawakutuambia.

Sasa twawaomba mtege sikio katika hesabu mbili, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Shirika la Afya Duniani lasema hivi: wanawake wakimeza kidonge kila siku pasipo kukosea, katika wanawake 1,000 kwa mwaka mmoja watatu tu ndio watakaopata mimba. Lakini kwa jinsi watu wanavyovitumia hasa katika maisha yao, katika kila 100 wapata mimba 7, yaani 70 katika 1,000. Dawa ni ile ile, na kiwanda ni kile kile. Je, hao 67 waliozidi wametoka wapi? Wametoka katika siku zilizosahauliwa, katika pakiti iliyokwisha kabla ya kupata nyingine, na, twasema sisi, katika sanduku la bati lililobaki Mombasa.

Kidonge hutaka kumezwa kila siku, na ni vema saa iwe ile ile. Mama wa nyumba aweza kukiweka karibu na mswaki wake. Msichana afichaye hana mahali pa kukiweka wala saa iliyo yake. Akikosa, hana wa kumwuliza. Lau angaliuliza, angaliambiwa hivi: ukisahau kidonge kimoja, kimeze mara ukumbukapo, hata ikiwa ni kumeza viwili siku moja, ukikosa viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara hiyo, endelea kila siku, na kwa siku 7 jizuie au mwanamume avae kondomu, kisha mwone muuguzi. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, meza kingine. Maneno haya hayazidi dakika mbili. Binti yetu hakuyapata, kwa kuwa kuyapata kulitaka afungue mdomo, na sisi wakubwa tulikuwa tumeufunga. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Huyu alificha, akazaa. Lakini maana ya wahenga ni ile ile, kwamba ajionaye haya kusema shida yake hawezi kupata msaada.

Tena afichaye hubaki na uvumi tu. Tuliwauliza vijana wa chama wanasema nini juu ya vidonge. Wengine walisema humfanya msichana kuwa tasa. Wengine kwamba hukusanyika tumboni vikawa kama jiwe. Wengine kwamba ni kwa wanawake waliokwisha kuzaa tu. Yote matatu si kweli. Kidonge huyeyuka kama chakula. Mwanamke akiacha kumeza, uwezo wa kuzaa hurudi, hata baada ya wiki chache. Na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ujana peke yake si sababu ya kumkatalia mtu dawa hii. Yaliyo kweli ni haya: katika miezi mitatu ya mwanzo wengine huona kichefuchefu, kuumwa kichwa, matiti kuuma, au matone ya damu siku zisizo zake. Aghalabu huisha. Asiyejua atadhani anakufa, ataviacha, na asimwambie mtu.

Wapo pia wasiopaswa kuvimeza vile vya vichocheo viwili, na ndiyo sababu haifai kununua kama peremende. Nao ni mwenye shinikizo kubwa la damu, aliyewahi kupata damu kuganda mishipani, mwenye maumivu makali ya kichwa yatanguliwayo na kuona vimulimuli, mama aliyejifungua karibuni anayenyonyesha, na mvutaji wa sigara aliyepita miaka 35. Dawa nyingine huvipunguzia nguvu vidonge, kama rifampicin ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa. Muuguzi huuliza haya yote na kupima shinikizo la damu. Naye aweza kusema: kwa wewe usiye na mahali pa kuweka pakiti, kipandikizi cha mkononi kinachofanya kazi miaka kadhaa, au sindano ya miezi mitatu, chafaa zaidi. Yamkini binti yetu angalishauriwa hivyo.

Yatupasa pia kusema lile ambalo kidonge hakiwezi. Hakizuii Ukimwi, wala kisonono, wala kaswende; kwa hayo ni kujizuia, uaminifu na kondomu. Wala hakimkingi mtoto na mtu mzima mwovu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtu mzima amwingiliaye ametenda kosa la jinai hata kama mtoto alikubali. Mtoto akifikwa na hayo, kazi yetu ni hospitali na polisi upesi, wala si kikao cha wazee cha kutozana mbuzi. Hospitalini atapewa dawa ya kuzuia Ukimwi, ambayo lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambacho hufaa zaidi kikimezwa mapema na hakifai baada ya siku tano. Kidonge hicho cha dharura si cha matumizi ya kila wiki, ingawa vijana wengi twasikia wakitumia hivyo.

Bwana Mwenyekiti, twajua yaliyo katika mioyo ya wazee wetu. Mmoja alitwambia nje ya mlango, “Mwanangu, ukimwonyesha mtoto mwavuli, umemwambia atoke mvuani.” Neno hili twaliheshimu. Nasi tulilelewa shuleni misheni, tukafunzwa kwamba usafi wa mwili ni hekalu, na mpaka leo twaamini kwamba binti na kijana wakingoja wamefanya vema. Tena twajua kwamba Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa mwaka 1968, alikikataza kidonge kwa Wakatoliki, na wamo humu waishikao amri hiyo kwa moyo safi. Hatuji kuwavuta watoke katika imani yao. Lakini twasema mambo mawili. La kwanza, wataalamu waliopima mafundisho ya elimu ya uzazi katika nchi nyingi hawakuona kwamba vijana waliofundishwa walianza mapema kuliko wenzao; mwavuli hauleti mvua. La pili, binti yetu hakuonyeshwa mwavuli na mtu yeyote. Alitoka mwenyewe, mvua ikiwa inanyesha, na mwavuli alioupata ulikuwa umetoboka kwa kuwa hakuna aliyemsaidia kuushika.

Na mvua yenyewe si ndogo. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika wasichana 100 wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Katika Kaunti ya Samburu walikuwa 50 kwa 100. Nyeri walikuwa 5. Miongoni mwa wale wasiosoma kabisa walikuwa 38 kwa 100. Mungu hakuwaumba wasichana wa Nyeri kwa udongo tofauti na wa Samburu. Tofauti ni shule, umbali wa zahanati, ndoa za mapema, na maneno wanayoambiwa au kunyimwa. Madaktari nao watuambia kwamba mama wa umri mdogo yu katika hatari ya kifafa cha mimba na maambukizo baada ya kuzaa kuliko mwanamke wa miaka 20 hadi 24, na nyonga ambayo haijapanuka huleta uchungu wa siku nyingi na fistula. Basi tukilinganisha hatari ya kidonge na hatari ya mimba isiyotazamiwa kwa msichana mwenye afya, mizani haisawaziki hata kidogo.

Sasa turudi kwenye daftari letu. Kanuni yetu tuliirithi, na waliotuandikia walikusudia mema. Walitaka fedha za wajane na wachukuzi zisipotee. Lakini tangu mwaka 1994 Serikali ya Kenya imeruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo ulio wazi zaidi. Serikali imefungua mlango, na chama cha kusaidiana kimeufunga kwa barua nzuri ya karani. Tena tumemwadhibu mmoja kwa tendo la wawili. Kama ni kosa, ni la wote wawili. Kama ni shida, chama hiki kiliundwa kwa ajili ya shida.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu, na twaomba yapigiwe kura leo.

Shauri la kwanza: ile kanuni ifutwe, na mahali pake iandikwe kwamba mwanafunzi apataye mtoto, awe msichana au mvulana, ataendelea kusaidiwa karo, na mvulana atatakiwa kutimiza wajibu wake kwa mtoto mbele ya wazazi wa pande zote mbili.

Shauri la pili: mara mbili kwa mwaka, wakati wa likizo, tumwalike muuguzi wa zahanati azungumze na vijana wetu, wasichana na wavulana, na siku ya pili azungumze na wazazi peke yao. Aeleze kungoja, aeleze sheria, aeleze kidonge na njia nyingine bila kuficha. Mzazi asiyetaka mwanawe ahudhurie, asilazimishwe. Gharama yake ni chai, mahamri na nauli. Tumekwisha kuipiga, haifiki nusu ya karo ya muhula mmoja. Na wavulana wasikose. Kijana aliyekuwa mistari minne chini alimwambia mama wa Kamati kwamba alijua habari za pakiti ile, ila alidhani kukumbuka ni kazi ya mwenzake. Nani angemfunza vingine? Sisi tulimlipia mafunzo ya kuchomelea vyuma, basi.

Shauri la tatu: jina lililokatwa lirudishwe. Mtoto sasa ana miezi saba. Mama yake huuza viazi karai karibu na stendi ya matatu tangu alasiri hadi usiku, na vitabu vyake bado amevitunza katika lile sanduku la bati. Mwalimu mkuu wake amesema nafasi ipo. Bibi ya mtoto amekubali kukaa naye mchana. Kilichobaki ni karo, na fedha ya karo hiyo imo katika hesabu mliyosomewa asubuhi, katika fungu la salio.

Wazazi wetu wapendwa, twajua si rahisi. Hata sisi tuna binti nyumbani, ana miaka tisa, na tulipokuwa tukiyaandika maneno haya usiku aliuliza tunaandika nini, nasi tukajibu, “Mambo ya chama.” Ndivyo sote tunavyojibu. Siku haiko mbali atakapouliza jambo kubwa zaidi, au atakapoacha kuuliza. Twamwomba Mungu atupe ulimi wa kumjibu kabla ya siku hiyo ya pili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huuza pakiti bila maneno.

Barua ya mwaka juzi tuliiandika kwa amri ya mkutano, nayo haiwezi kufutwa ila kwa amri ya mkutano. Barua nyingine tumekwisha kuiandika. Iko hapa mezani, haina tarehe wala sahihi. Twamwachia Bwana Mwenyekiti kalamu.